Shilingi ya utafiti inayotoka kwenye gunia la kahawa

Mimi ni mhasibu wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ya kahawa huku mlimani Kilimanjaro. Mnada ukishapita, kazi yangu kubwa ni kuandaa karatasi ya makato. Juu kabisa naandika bei ya mnada, kisha chini yake vinashuka usafiri hadi kiwandani, ukoboaji, magunia, ushuru wa halmashauri, gharama za chama, na riba ya benki kama tulikopa ili tuwape wanachama malipo ya awali. Kati ya mistari hiyo upo mmoja ambao kwa miaka mingi umekuwa mdogo kuliko karibu yote: tozo ya utafiti. Haijafika hata asilimia moja ya bei. Wakulima wengi hawauoni mstari huo, kwa kuwa macho yao yameshakimbilia mwisho wa karatasi, kwenye kiasi anachoondoka nacho mtu mkononi.

Anayeuona huwa anauliza kwa sauti. Kwenye mkutano mkuu mmoja mzee wa kitongoji cha juu alisimama na karatasi yake akasema, "Mama Neema, hii ya utafiti mnatukata ya nini? Mimi sijawahi kutafitiwa." Watu wakacheka, lakini swali lilikuwa la haki kabisa, na dakika tano za mkutano hazikutosha kulijibu. Namjibu leo, yeye na wengine wote ambao gunia lao limekatwa bila mtu kuwaeleza.

Fedha hiyo inakwenda Lyamungu. Wa Hai na Moshi wanapafahamu, pale penye miti mirefu ya kivuli na vitalu vya kahawa vyenye vibao vya namba. Serikali ya kikoloni ilifungua kituo cha utafiti wa kahawa pale mwaka 1934, wakati KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro, ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu iandikishwe. Kwa zaidi ya miaka 60 kilikuwa kituo cha serikali, kikiishi kwa bajeti ya serikali. Mwaka 2001 kazi ya utafiti wa kahawa ikachukuliwa na TaCRI, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, ambayo iliandikishwa kama kampuni binafsi isiyogawana faida. Hakuna mwenye hisa anayesubiri gawio. Wenye nayo ni wadau wa kahawa: wakulima wadogo na vyama vyao, wenye mashamba makubwa, wanunuzi, na serikali ikiwa mmoja wao. Lyamungu ndiyo makao makuu, na vituo vingine vipo Ugano kule Mbinga, Mbimba kule Mbozi, Maruku karibu na Bukoba, na vingine Kigoma na Tarime.

Fedha za kuanzia zilitoka kwa sehemu kubwa Umoja wa Ulaya, kwenye mfuko wa Stabex, ule uliokuwa ukizifidia nchi zetu bei za mazao zinapoanguka. Serikali nayo ikaweka sehemu yake. Sehemu ya tatu ikawa yetu, ile ya kwenye karatasi ya makato. Chai walifanya hivyohivyo, wana taasisi yao ya utafiti, TRIT. Tumbaku nao wana yao, TORITA.

Kwa nini mkulima akatwe kwa ajili ya utafiti? Twende shambani.

Chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, huanza na doa dogo la kahawia, limebonyea kidogo, juu ya tunda bichi ambalo bado linajaa. Baada ya siku chache doa limepanuka na kuwa jeusi, na punje iliyomo ndani inaoza. Matunda mengine yanadondoka. Mengine yanakaukia kwenye tawi, meusi na mepesi, ukiyaminya kwa vidole unakuta ganda tu. Ugonjwa huu unapenda baridi na unyevu, yaani unapenda hasa mahali kahawa yetu nzuri inapopenda. Uligunduliwa magharibi mwa Kenya mwaka 1922, na kufikia miaka ya 1960 ulikuwa umeshaingia kwetu. Pamoja nao kuna kutu ya majani, ile poda ya rangi ya chungwa chini ya jani, inayopukutisha majani hadi mti unabaki kama umechomwa.

Dawa ipo, ni ya madini ya shaba, na lazima urudie kupiga mara kadhaa kila msimu wa mvua. Enzi za ushirika wenye nguvu dawa ilikuja kwa mkopo wa chama au kwa ruzuku. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990 na wanunuzi binafsi wakaingia, ruzuku ikaondoka na bei ya dawa ikapanda. Mama mkwe wangu ana kihamba, shamba la ukoo, upande wa juu, karibu na msitu, ambako ukungu unakaa hadi saa nne asubuhi. Nimemwona akipanda ngazi za mawe na bomba la lita 15 mgongoni, kanga ameifunga puani, umri wake umeshapita ule wa kubeba mzigo kama huo. Mwaka ambao fedha haikupatikana kwa wakati, alivuna debe ambazo hazikurudisha hata gharama ya palizi. Ukimwuliza mama kama huyu anahitaji nini kwa watafiti, hatakutajia jina la mradi. Atakwambia anataka mti usiougua.

Mti huo upo. Ila ulichukua muda ambao ni lazima kila anayelalamikia tozo aujue.

Kahawa zetu za zamani za arabika, N39 na KP423, zilichaguliwa hapohapo Lyamungu kwa ajili ya mavuno na ladha. Ladha yake ni nzuri mno, ila kwa chulebuni na kutu hazina kinga. Kinga ilitafutwa mbali. Kisiwani Timor, katika karne ya 20, ulionekana mti uliotokana na arabika na robusta kuchanganyika wenyewe shambani, nao haukushikwa na kutu. Mbegu zake zilipelekwa Oeiras, Ureno, kwenye kituo cha kuchunguza kutu ya kahawa kilichoanzishwa mwaka 1955, na kutoka hapo zikasambazwa kwa watafiti wa nchi nyingi. Kinga nyingine ilitoka kwenye kahawa iitwayo Rume Sudan, ya uwanda wa juu wa Boma, huko ambako leo ni Sudan Kusini. Kazi ya mtafiti ni kuchanganya kwa chavua kahawa yetu yenye ladha na hizo zenye kinga, kisha kusubiri.

Kusubiri ndiyo gharama yenyewe. Ukipandikiza chavua leo, unangoja mbegu iive, unaiotesha, unapanda mche, na mti huo utakupa maua ya kwanza baada ya miaka mitatu hivi. Mavuno ya msimu mmoja hayatoshi kutoa hukumu, kwa hiyo unavuna misimu kadhaa. Unaupaka mti ugonjwa kwa makusudi ili uone kama utashinda. Unapeleka kahawa yake kwa waonjaji, kwa kuwa mti wenye afya lakini wenye kikombe kibaya hautamsaidia mkulima mnadani. Ukifaulu yote hayo, unauchanganya tena na mwingine na hesabu inaanza upya. Aina moja mpya inaweza kumeza maisha ya kazi ya mtu mzima. Mazao ya uchotara yaliyoanza Lyamungu chini ya serikali yalifika kwa wakulima chini ya TaCRI, kuanzia mwaka 2005, yakiwa na majina yanayofuata ya wazazi wao kama N39-1 na KP423-1. Baadaye zikaja aina fupi. Bukoba nao wakapata robusta nne zinazohimili ugonjwa wa mnyauko fuzari: Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1.

Sasa weka hesabu hiyo kando ya fedha za wafadhili. Mradi wa kawaida una miaka mitatu, ukibahatika mitano. Una tarehe ya kuanza, tarehe ya kufunga, na ripoti ya nusu mwaka. Siwadharau wafadhili hata kidogo. Bila Stabex sijui Lyamungu ingesimamaje katika ile miaka ya mwanzo. Lakini mti wa kahawa hausomi mkataba. Ukiupanda siku ya kwanza ya mradi wa miaka mitatu, siku mradi unafungwa ndiyo kwanza unatoa maua. Nani atalipa mshahara wa yule anayehesabu matunda mwaka wa nne, wa saba, wa kumi na mbili? Mfadhili ameshahamia kwenye jambo jingine. Anayebaki ni yule ambaye hana pa kuhamia, yaani mkulima, na shilingi zake chache kwa kila kilo. Ndiyo maana naitetea tozo hii hata mkutanoni panapochemka.

Ina udhaifu wake, na huo naueleza bila kuficha. Tozo ya asilimia inapanda na kushuka na bei. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa wa mgao wa kahawa ulivunjika, na kufikia 2001 na 2002 bei ya dunia ilikuwa imeanguka chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili. TaCRI ilizaliwa katika shimo hilohilo. Bei ikianguka mkulima anashindwa kununua dawa, anahitaji mti wenye kinga kuliko wakati mwingine wowote, na wakati huohuo makato yanayomlipa mtafiti yanasinyaa. Taasisi inayoishi hivyo inahitaji akiba. Mwaka ambao bei ni nzuri, kama hii miaka ya karibuni, sehemu ya tozo iwekwe pembeni kwa ajili ya mwaka wa njaa. Sisi kwenye chama tunafanya hivyo kwa mfuko wa pembejeo, na hakuna sababu utafiti usifanyiwe vivyo.

Kuna jambo lililonishangaza nilipoanza kusoma namna dunia inavyohesabu fedha za utafiti. Nchi karibu zote zinafuata mwongozo uliotokana na kikao cha mwaka 1963 katika mji wa Frascati, Italia, na toleo linalotumika sasa ni la 2015. Mwongozo unapanga wanaofanya utafiti katika makundi: biashara, serikali, elimu ya juu, na mashirika binafsi yasiyo ya faida. Ukitazama majedwali ya nchi nyingi, kundi hili la mwisho lina sehemu ndogo sana, na mtu anaweza kudhani mashirika ya namna hii hayafanyi kitu. Lakini soma masharti. Shirika lisilo la faida linalohudumia hasa wafanyabiashara linahesabiwa kwenye biashara. Linalotawaliwa na serikali linahesabiwa serikalini. Kinachosalia ndicho kinachobaki kwenye safu hiyo. Taasisi kama ya kahawa, yenye wakulima, wanunuzi na serikali kwenye meza moja, inaweza kuangukia safu yoyote kutegemea mhesabuji ameitazama kwa jicho gani. Shilingi ya mama mkwe wangu inaweza kuonekana kwenye takwimu kama fedha ya "sekta ya biashara", na yeye hajawahi kujiita mfanyabiashara.

Mwongozo huohuo unasema kitu ambacho wakulima wanapaswa kukisikia. Kinachohesabiwa kuwa utafiti ni kazi ya kutafuta jambo jipya, lisilojulikana jibu lake, kwa utaratibu ambao mwingine anaweza kuurudia. Kuzalisha miche kwa wingi na kuigawa hakumo. Mkulima, kwa upande wake, utafiti anaupima kwa miche tu. Yule mzee aliyesema hajawahi kutafitiwa alikuwa na maana kwamba hajapata mche. Hapo ndipo taasisi nyingi za namna hii zinapokwama: fedha imekwenda kwenye jambo sahihi, matokeo yamepatikana, ila kati ya kitalu cha Lyamungu na kihamba cha juu hakuna mtu aliyelipwa kuivusha miche.

Kwa kuwa chotara hizi ukizipanda kwa mbegu hazitoki kama mama yao, sisi tunazizalisha kwa vikonyo, vipande vya shina vinavyooteshwa mizizi. Kikundi chetu cha akina mama kina bustani mama, vitalu viwili nyuma ya ofisi ya chama. Asubuhi mapema, kabla jua halijachoma, tunakata maotea yanayokwenda juu. Tawi la pembeni halifai, kwani mche wake utatambaa chini kama boga na hautasimama kuwa mti. Kila otea tunalikata vipande, kila kipande na jozi yake ya majani, na jani tunalipunguza nusu ili lisinyonye maji mengi kabla mizizi haijatoka. Vinachomekwa kwenye mchanganyiko wa udongo wa msituni na mchanga, ndani ya kibanda kilichofunikwa nailoni, kivuli juu, na ndani kunanyunyiziwa maji hadi nailoni inatoa jasho. Baada ya miezi mitatu au minne unavuta kikonyo kidogo kwa vidole. Kikikataa kutoka, kina mizizi.

Nailoni hiyo, mabomba na tangi vililetwa na mradi mmoja ambao sitautaja jina. Walitufundisha vizuri na vijana wao walikuwa wachapakazi. Mradi ulifungwa miche ya awamu ya pili ikiwa bado kwenye vifuko, na bajeti ya kuipeleka kwa wanachama ikafungwa nayo. Tuliibeba wenyewe, kwa bodaboda na kwa kichwa, na sehemu yake ilikauka kabla mvua za masika hazijaanza. Nailoni ilipochanika msimu uliofuata tulinunua nyingine kwa fedha ya kikundi. Kwenye ripoti ya mradi nina hakika imeandikwa idadi ya vikonyo vilivyochomekwa. Idadi ya miti inayozaa leo iko kwenye daftari letu, na hakuna aliyekuja kuiuliza.

Na si fedha peke yake tunayotoa. Aina mpya kabla haijaruhusiwa hujaribiwa kwenye mashamba ya wakulima, juu, kati na chini, kwa sababu kilichofanya vizuri Lyamungu kinaweza kukataa Rombo. Mkulima anatoa kipande cha kihamba chake, na kihamba chenyewe siku hizi ni kidogo, kimegawanywa kwa watoto hadi hakigawanyiki tena. Anapalilia, anaacha mistari isiyopigwa dawa kama alivyoelekezwa, anavumilia hasara yake, anafungua mlango kila watu wa takwimu wanapokuja na kalamu zao. Miaka mitano, sita. Sijaona risiti inayoandika mchango huo wala safu yake kwenye hesabu za taasisi yoyote. Kama mhasibu naona ni kosa. Ukubwa wa eneo unajulikana na ujira wa kibarua wa siku unajulikana, kwa hiyo thamani yake inaandikika.

Wenzetu wa Kenya walianza mapema kuliko sisi. Tangu mwaka 1964 walikuwa na taasisi yao ya namna hii huko Ruiru, ikiendeshwa kwa tozo ya asilimia 2 ya mauzo ya wakulima. Kutoka hapo ilipatikana Ruiru 11 mwaka 1985 na Batian mwaka 2010, kahawa ambazo leo zipo hadi kwa watu wasiojua zilikotoka. Baada ya sheria ya mwaka 2013 taasisi hiyo iliingizwa KALRO, shirika la serikali linalobeba utafiti wa mazao na mifugo yote. Kwa takwimu, fedha ilihama safu. Kwa mkulima swali ni jingine: je, kahawa ikikaa meza moja na mahindi, ng'ombe na miwa, nani atapigania mwaka wa kumi na mbili wa jaribio moja la kahawa? Mimi napenda meza ya kahawa ibaki ya kahawa, mradi waliolipa wapewe viti vyao na hesabu isomwe mbele yao.

Wapo pia wanunuzi wa nje. Tangu 2012 kampuni za kukaanga kahawa zimekuwa na shirika lao lisilo la faida huko Marekani, World Coffee Research, linaloishi kwa michango ya wanachama wake. Ni jambo jema. Ila mchango wao ni wa hiari, na sisi wa huku makato yetu ni ya lazima, wakati kikombe kimoja cha kahawa kwenye mgahawa wa Ulaya kinauzwa kwa bei inayokaribia anayolipwa mkulima kwa kilo ya maganda katika mwaka mbaya. Wanaofaidi zaidi wachangie zaidi, na wachangie kwa miaka inayolingana na umri wa mti. Viongozi wa Afrika walikubaliana Khartoum mwaka 2006 kwamba kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Mkulima wa kahawa amekuwa akitimiza sehemu yake kwa miaka mingi, kila gunia linapopita kwenye mizani.

Kwenye mkutano mkuu ujao nimeomba ajenda mbili na bodi imekubali kuzipokea. Ya kwanza, karatasi ya makato ioneshe tozo ya utafiti kwa shilingi kamili za kila mwanachama badala ya asilimia, na chini yake iandikwe jumla iliyotoka chama chetu. Ya pili, tuandike barua Lyamungu kuomba mtu wao aje na maelezo ya fedha hizo: ngapi zilikwenda kwenye majaribio, ngapi kwenye miche, na majaribio gani yanaendelea sasa ambayo hatutayaona matunda yake hadi watoto wetu waanze kuchuma. Barua hiyo nimeshaiandika, inasubiri sahihi ya mwenyekiti. Chama chako kikitaka nakala mkaiandike kwa jina lenu, niambie nitakutumia.